Kuuza Gari Lililotumika Mjini Morogoro

Bei ya gari lililotumika nchini Tanzania huanzia bandarini. Kila mnunuzi ana njia ya pili: kuagiza gari kama hilo kutoka Japani. Gari dogo la abiria likifika, Mamlaka ya Mapato (TRA) hulitoza ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na tozo ya uchakavu ikiwa umri wake umezidi miaka minane. Kenya huyakataa kabisa magari yaliyovuka umri huo. Tanzania huyapokea, ila kwa gharama. Muuzaji wa Morogoro akitaja bei inayozidi jumla hiyo, mnunuzi ataagiza lake.

Chini ya kikomo hicho, watu huanza kwa kuuliza namba. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, ndiyo maana husikika “namba C”, “namba D” au “namba E”, na wapo wanaotaja bei kabla hata ya kufungua boneti. Kipimo chenyewe kina walakini, kwa sababu hakisemi lolote kuhusu miaka ambayo gari lilitembea Japani.

Swali kubwa zaidi ni nani analihitaji gari lenyewe. Toyota IST, Vitz au Passo ina wateja Morogoro, hasa wafanyakazi wa ofisi na wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, lakini wateja wengi zaidi wako Dar es Salaam, umbali wa kilomita zisizofika 200. Zamani muuzaji alilazimika kulipeleka gari huko na kulala huko. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili Juni 2024, mnunuzi anaweza kufika Morogoro kwa takribani saa mbili, akalikagua gari na kurudi nalo siku hiyohiyo. Kwa gari dogo, basi, inatosha kulitangaza kwa watu wa Dar es Salaam kupitia Instagram na makundi ya WhatsApp huku likiwa limeegeshwa nyumbani.

Gari la mlimani lina soko jingine. Safu ya Uluguru hupanda zaidi ya mita 2,600, na njia za kwenda Mgeta, Matombo au Kinole zina miinuko mikali ambayo masika ya Machi hadi Mei huigeuza utelezi. Mfanyabiashara anayeshusha kabichi na karoti kutoka Nyandira hajali rangi iliyochunika. Anachungulia springi, anauliza kama magurudumu yote manne yanavuta, kisha anapiga hesabu ya magunia. Land Rover kuukuu au Hilux ambayo mtu wa mjini angeiona mzigo, kwake ni mtaji. Kulipeleka Dar es Salaam gari la aina hii ni kuikimbia bei nzuri.

Baada ya hapo huja suala la mkono utakaouza. Dalali hulaumiwa kuliko anavyostahili, kwa kuwa anajua nani ana pesa wiki hii, na maarifa hayo yana thamani. Tatizo ni “cha juu”: mwenye gari akitaka milioni 10, dalali hutangaza 11 na kubaki na tofauti. Bei ikipanda hivyo, gari hukaa muda mrefu bila mwenyewe kujua sababu. Ni afadhali kukubaliana kamisheni mapema na bei iwe moja kwa wote. Yadi hupokea gari kwa mali kauli; faida yake ni kuonwa na wengi, na hatari yake ni gari kutembezwa. Kilomita ziandikwe siku ya kulikabidhi. Anayeuza mwenyewe hubaki na pesa yote, lakini hulipia kwa muda, simu zisizokwisha na watu wanaokuja kujaribu gari tu.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alitumia magari yaliyotumika kueleza jinsi soko linavyoharibika pale muuzaji anapoujua ubovu ambao mnunuzi hauoni: mnunuzi hushusha bei ya magari yote, yakiwamo mazima. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa muuzaji, dawa ni kumwacha mnunuzi aje na fundi wake, na kumwonyesha risiti za gereji kabla hajaziulizia. Kurudisha kilomita nyuma hakusaidii, maana fundi mzoefu atasoma usukani na pedali zilizolika.

Malipo yapitie benki, na mkataba usainiwe mbele ya wakili. Uhamisho wa umiliki TRA huhitaji kadi halisi ya gari na namba ya mlipakodi (TIN) ya mnunuzi, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani na ada za uhamisho na kadi mpya. Atakayelipa ajulikane kabla ya kupeana mikono. Faini za trafiki na madeni ya maegesho hufuata namba ya gari, hivyo yalipwe kwanza. Wanunuzi wanaokusudia kuliuza tena hupenda kuchukua kadi bila kubadilisha jina ili wakwepe gharama hizo. Gari linaweza kupita mikono mitatu namna hiyo, huku kumbukumbu za TRA zikiendelea kumtaja muuzaji wa kwanza kuwa ndiye mmiliki.