Umeme ukikatika ndani ya ndege ndogo usiku, piloti anafanya nini?

Kwetu mashariki mwa Kongo, ndege ndogo ni kama taksi. Mtu wa Shabunda anajua: barabara imekufa, basi unapanda Caravan pamoja na magunia na jerikani. Ndiyo maana swali moja linarudi kila mara kwa wasikilizaji wetu: kama umeme wa ndege unakatika wakati wa giza, je, motere inazimika na tunaanguka?

Jibu fupi ni hapana. Motere haizimiki. Ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 172, ziko na manyeto mbili zinazotengeneza cheche bila kuomba kitu kwa batri. Caravan nayo iko na tabini: ikishawaka, inaendelea kuwaka hata bila umeme. Vyombo vinavyoonyesha kimo na mwendo, katika ndege nyingi ndogo, vinafanya kazi na mgandamizo wa hewa tu.

Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye vitu vingine: taa, redio, vyombo vya kutafuta njia, na mara nyingi mabawa madogo ya nyuma yanayosaidia ndege kupunguza mwendo ili itue. Mchana piloti anaangalia mto, anaangalia mlima, anajua yuko wapi. Usiku, bila taa na bila redio, amebaki na macho yake na giza.

Ubaya mwingine: tatizo linakuja kimyakimya. Fikiria pikipiki ya motari. Dinamo ikikufa, taa haizimiki palepale, juu batri bado inalisha. Ndege ni vile vile. Alterneta ikikufa, kila kitu kinaendelea kuwaka kama kawaida. Kinachobadilika ni taa moja ndogo kwenye tablo, ama sindano inayoonyesha kwamba batri inatoa na haipokei. Piloti asipoiangalia, atajua wakati redio inaanza kukwaruza na ampuli zinafifia. Hapo amechelewa.

Piloti aliyefunzwa vizuri anaanza na kuongoza ndege. Anaiweka sawa, anatoa tochi yake na kuiweka karibu. Halafu anajaribu mara moja tu kuzima alterneta na kuiwasha tena. Fyuzi yake ikiruka tena, anaiacha. Kama kuna moshi ama harufu ya waya kuungua, anakata umeme wote.

Kisha anafanya kitu ambacho sisi wote tunakijua: delestaji. Anazima kila kitu ambacho hakihitaji, anabakiza redio moja na taa kidogo. Batri nzima, ikilindwa vizuri, mara nyingi inaweza kufika kama dakika 30. Batri ya zamani haifiki.

Wakati redio bado inasema, anaita watu wa kiwanja na kuwaeleza shida. Redio ikikufa lakini transponda bado inafanya kazi, anaweka namba 7600. Namba hiyo inajulikana dunia nzima: maana yake, sina redio. Mnara unaweza kumjibu kwa taa: kijani isiyokatika, unaweza kutua, nyekundu isiyokatika, zunguka, acha wengine wapite, nyekundu ya kuwaka na kuzima, usitue, kiwanja ni kibaya.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ni uamuzi: kutua kwenye kiwanja cha karibu chenye taa, si kile alichopanga kwenda.

Hadithi ya kweli ya Marekani inatufundisha hapo. Tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya kampuni ya Air Illinois, yenye propela mbili, iliondoka Springfield saa 2 na dakika 20 za usiku kwenda Carbondale. Ilikuwa imechelewa. Kabla dakika mbili hazijaisha, jenereta ya kushoto ilikufa. Piloti msaidizi akakosea, akatoa ile ya kulia, iliyokuwa nzima. Haikurudi tena. Kiwanja walichotoka kilikuwa hapo nyuma yao. Lakini kapiteni aliamua kuendelea, na safari ilikuwa ya dakika karibu 40. Batri zilitosha dakika 31. Mwishoni kapiteni alikuwa anaomba tochi. Ndege ilianguka karibu na Pinckneyville, na watu wote 10 walikufa. Wachunguzi waliandika sababu wazi: kapiteni alipaswa kurudi.

Motere zilikuwa zinafanya kazi hadi mwisho. Kilichoisha ni umeme, na kabla ya umeme, zile dakika ambazo zilikuwa bado zinaruhusu kurudi.

Hadithi hii inatuhusu pia sisi abiria. Viwanja vyetu vingi vya ndani havina taa. Jua linazama karibu saa 12 za jioni, na nusu saa baadaye ni giza kabisa. Ndege ikipata shida hapo, kiwanja cha karibu chenye taa kinaweza kuwa mbali kuliko batri.

Kwa hiyo piloti akisema saa 10 za jioni kwamba leo haondoki tena, tusimfokee. Tusimpigie simu mkubwa wake. Na kama amegeuza ndege na kuturudisha tulikotoka, tunapoteza siku moja, pengine na samaki wataharibika. Ni hasara, ndiyo. Lakini mtu aliyelala nyumbani kesho anaweza kupanda tena.