Usukani wa Kigari Si Upuuzi

Neno usukani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la barabara. Waarabu husema "sukkan", na sisi wa mwambao tulilijua nyuma ya jahazi kabla hatujaliona mbele ya dereva. Siku hizi limeshuka hata katika kigari cha mchezo cha urefu wa shibiri, kinachoendeshwa kwa redio.

Wazee huuliza: kijana mwenye ndevu akeshe akichokoa kigari cha mtoto, ana akili huyo? Mimi nasema anayo, na hoja yangu ni hii.

Kiwanda cha Kyosho cha Japani kilianza kuuza mwaka 1999 vigari viitwavyo Mini-Z, vya kipimo cha 1 kwa 28. Ukifungua sehemu ya mbele utakuta mota ndogo, magurudumu ya meno, na kipande kiitwacho potenshiometa. Hicho ndicho roho ya mambo. Mota ikizunguka nacho huzunguka, na umeme wake ukabadilika. Ndivyo mtambo ujuavyo matairi yameelekea wapi. Hulinganisha hali hiyo na amri iliyotoka mkononi mwa mwendeshaji. Zikitofautiana, mota huvuta, zikilingana, husimama.

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinionyesha wafanyavyo. Akitaka usukani upinde zaidi, hulehemu rezista mbili zilizo sawa, moja kila mwisho wa potenshiometa. Mtambo hudhani matairi yamepinda kidogo kuliko yalivyopinda kweli, basi huzidi kuyapinda. Lakini kuna kipimo. Yakifika mwisho wa njia yake na mota ingali inasukuma, umeme huzidi na transista huungua. Na rezista zisipolingana, kigari hakinyooki. Huvuta upande kama jahazi lililopakiwa vibaya.

Lililonishika zaidi ni hili. Mtambo wa namna hiyo ukiondolewa potenshiometa na kizuizi cha meno, ukatiwa rezista mbili zisizobadilika, huambiwa daima kuwa uko katikati. Uamrishe upinde, utazunguka wala hautakoma, kwani hauna wa kuuambia, "Umefika."

Hapo niliwakumbuka waalimu wetu wa chuoni, waliotufunza muhasaba: mja ajihesabu kila usiku, ajue alipo na alipoamrishwa awe. Asiyejihesabu huzunguka tu, na nguvu zake zikaishia hapo hapo.

Baba yake kijana huyo alikuwa ameapa kuvitupa baharini vyombo vyake vyote. Nilimwomba akae naye kwanza, naye akakubali, shingo upande.

Nawasihi na wazazi wengine vivyo hivyo. Sala na masomo ya shule vina wakati wake, na hilo halina mjadala. Lakini kabla ya kumvunjia mwana vyombo vyake, muulize kwa nini kigari kinanyooka. Akikueleza ukafahamu, jua kuwa huyo hachezi, anasoma.