Zulia la Mistari: Ligeuze Kabla ya Kuliuza

Wanunuzi wa vitu vya kale wanaopita Lamu wanajulikana kwa wanachokitaka: masanduku ya njumu, viti vya enzi, sahani za kwenye zidaka. Bei za vitu hivyo angalau watu wanazijua. Zulia jembamba la mistari, la rangi ya udongo na kahawia, huondoka kwa bei ya kutupa kwa sababu halina manyoya, na watu wengi hudhani zulia lisilo na manyoya ni blanketi tu.

Si blanketi. Mazulia ya Uajemi ni ya aina mbili. Yako yaliyofungwa mafundo, hayo ndiyo ya manyoya. Na yako yaliyofumwa bapa, mtande na mshindio peke yake, bila fundo hata moja. Katika haya ya bapa kuna kilimu, na kuna jajimu, ambalo aghalabu huwa la mistari. Jajimu hufumwa vipande vyembamba virefu, kisha vipande vikashonwa ubavu kwa ubavu. Aliyewaona mama zetu wakisuka ukili na kuushona ukawa mkeka hahitaji maelezo zaidi.

Hata neno letu lina asili hiyo. Waarabu wa Ghuba husema zuliya, na wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na zilu la Kiajemi, tandiko la pamba lililofumwa bapa, ambalo hadi leo mji wa Meybod unasifika kwalo. Kwa hiyo lile tunaloliona duni ndilo lililoleta jina.

Lilifikaje huku? Wafumaji wengi walikuwa wanawake wa makabila ya wafugaji, kama Qashqai wa Fars, waliofuma kwa sufu ya kondoo wao. Rangi zilitoka kwenye mizizi, maganda ya komamanga na maganda ya jozi; kahawia nyingine ni rangi ya kondoo mwenyewe. Mali ya Shiraz iliteremka hadi bandari ya Bushehr, na majahazi ya Ghuba yakashuka na kaskazi yakileta tende, chumvi, masanduku na mazulia. Yalirudi na kusi yamejaa boriti, maana Ghuba haina miti ya kuezekea. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje, na biashara iliyokuwa imekwisha kufifia ikavunjika mgongo. Boriti hizo hizo ndizo zilizofanya vyumba vya nyumba zetu za mawe kuwa vyembamba na virefu, na zulia jembamba likakaa humo kama lililopimwa.

Sasa ligeuze. La bapa lililofumwa kwa mkono halina mgongo wa mpira wala gundi, na pande zake mbili hukaribia kufanana. Tafuta mishono inayounganisha vipande. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome: sufu hunuka kama nywele, plastiki huyeyuka. Rangi kali mno si dalili ya ughushi. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856 na wafumaji wa Uajemi wakazitumia baadaye. Ni dalili ya umri tu.

Umri una uzito kisheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote cha kubebeka kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Milango ya kuchonga imepewa nafasi zaidi, hadi iliyochongwa kabla ya 1946. Kwa maoni yangu zulia lilistahili mwaka huo huo, maana mengi yaliyomo majumbani huenda yaliingia baada ya 1895 na hayana ulinzi wowote ila wa mwenyewe.

Anayetaka kubaki nalo alianike kivulini, si juani, wala asilitie dawa ya kung'arishia nguo. Aliviringishe badala ya kulikunja, na alifungue mara kwa mara kuangalia nondo. Na anayetaka kuuza, haki yake, lakini kwanza alipige picha, aandike wazee wanavyokumbuka lilivyoingia nyumbani, kisha alipeleke Makumbusho ya Lamu pale ufukweni likaangaliwe kabla ya kutaja bei.