Kiti cha Mbunge Kinapobaki Wazi

Maulid Mtulia aliingia bungeni mwaka 2015 kutoka Kinondoni kwa tiketi ya CUF. Desemba 2017 alijiuzulu na kuhamia CCM. Februari 17, 2018 wananchi wa Kinondoni wakaitwa tena vituoni, na mshindi akawa Mtulia yuleyule, safari hii kwa tiketi ya CCM. Siku hiyohiyo Dk. Godwin Mollel, aliyetoka CHADEMA, alirudi Siha kwa njia ileile.

Katiba yetu haina nafasi ya mgombea binafsi. Ibara ya 67 inamtaka mbunge awe mwanachama wa chama cha siasa, na ibara ya 71 inasema akiacha chama, ubunge wake umekoma. Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi, nayo hupanga tarehe ya uchaguzi mdogo. Ila hakuna kifungu kinachomzuia aliyehama kukigombea kiti kilekile wiki chache baadaye, kwa gharama ya walipa kodi. Mimi naona hilo ni pengo la kuzibwa: anayehama angoje uchaguzi mkuu.

Ibara hiyohiyo ya 71 inamwondoa mbunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Mikutano, si vikao; mkutano mmoja huwa na vikao vingi. Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha Tundu Lissu, Singida Mashariki, kuwa wazi, akitaja utoro na kutowasilisha tamko la mali. Lissu alikuwa Ubelgiji kwa matibabu ya majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017. Miraji Mtaturu wa CCM akapita bila kupingwa, kwa hiyo Singida Mashariki ilibadilishiwa mbunge bila kura hata moja kupigwa.

Viti maalumu havina uchaguzi mdogo kabisa. Tume huteua mwingine kutoka orodha ya chama. Julai 2017 CUF, ikiwa katikati ya mgogoro wa uongozi, iliwafukuza wanawake wanane wa viti hivyo. Spika akaridhia mara moja, wakatoka. Novemba 2020, mwanzoni mwa Bunge lililofuata, CHADEMA iliwavua uanachama Halima Mdee na wenzake 18, nao wa viti maalumu. Ibara ilikuwa ileile, Spika alikuwa yuleyule, lakini hao 19 waliendelea kukaa bungeni, shauri lao likienda mahakamani.