Kuti Mkononi mwa Mtoto

Katika sura ya 23 ya kitabu cha Walawi, Waisraeli wanaamriwa wakae vibandani siku saba, na sababu inatajwa palepale: vizazi vyao vijue kwamba Mungu aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri. Mpangilio wa amri hiyo si wa kawaida. Kuhusu Pasaka, Torati inamwagiza mzazi waziwazi amsimulie mwanawe. Kuhusu vibanda haitaji masimulizi. Inataka watu wakae, na kujua kutokane na kukaa. Sikukuu yenyewe, ambayo Wayahudi huiita Sukoti, huanza tarehe 15 ya mwezi wa Tishri, kati ya Septemba na Oktoba, wakati ambapo katika nchi ya Israeli nafaka zimekwisha kupurwa na zabibu zimekwisha kukamuliwa, na kwa sababu hiyo kitabu cha Kutoka huiita Sikukuu ya Kukusanya. Anayetaka kuwafundisha watoto maana yake hukutana na mambo mawili yanayoelekea kupingana: ghala lililojaa na safari ya jangwani ambako hapakuwa na ghala. Mwalimu wa kawaida angeanza kwa kueleza. Marabi walianza kwingine kabisa. Walimpa mtoto fungu lake halisi la sikukuu, alishike, alale chini yake na kulimiliki, kisha maelezo yakaja nyuma kadiri mtoto alivyouliza. Naona walikuwa na haki, na ushahidi umo katika sheria zao wenyewe, hasa zile ndogondogo ambazo msomaji wa haraka huziruka.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mwanzoni mwa karne ya 3, inasema mtoto ambaye hamhitaji tena mama yake anawajibika kukaa kibandani. Haikutaja miaka. Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, inauliza: mtoto huyo ni yupi? Shule moja ya marabi inajibu kwamba ni yule anayekwenda haja bila mama kulazimika kumpangusa. Rabi Shimoni ben Lakishi anasema ni yule anayeamka usingizini bila kuita mama. Wenzake wanamkatiza: hata wakubwa huita! Basi wanarekebisha kipimo, kwamba ni yule ambaye akiamka hadumu kuita mama, mama, mpaka aje. Wakati wa kuandika sheria za baadaye kipimo hiki kilikadiriwa kuwa miaka 5 au 6, lakini mjadala wenyewe unaonyesha walichokuwa wakikitazama. Hawakuuliza kama mtoto anaweza kueleza safari ya kutoka Misri. Waliuliza kama anaweza kulala usiku katika kibanda chenye paa la matawi bila kufadhaika. Shamai Mzee hakuridhika hata na hilo. Mkwewe alipojifungua mtoto wa kiume, Shamai aliubomoa udongo wa dari, akatandaza matawi juu ya kitanda kwa ajili ya kichanga. Wenzake hawakulifuata tendo lake kama sheria, na nadhani walifanya vyema kumhurumia mzazi, lakini Mishna ililihifadhi hata hivyo.

Kipimo hichohicho kinatumika kwa mimea minne ambayo watu huishika katika siku hizo: kuti changa la mtende ambalo halijakunjuka, matawi ya mhadasi, matawi ya mwerebi, na etrogi, tunda la jamii ya malimau lenye ganda nene na harufu kali. Mtoto anayejua kulitikisa kuti anawajibika kulishika. Talmudi inaongeza kwamba anayejua kusema, baba yake amfundishe Torati na mstari wa kwanza wa Shema, ungamo la imani la Wayahudi. Kila uwezo unapochipuka mwilini, jukumu linaufuata siku hiyohiyo. Jambo linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni onyo la Rabi Zeira katika Talmudi, kwamba mtu asimmilikishe mtoto mimea hiyo siku ya kwanza ya sikukuu kabla yeye mwenyewe hajatimiza wajibu wake. Siku ya kwanza mimea lazima iwe mali ya anayeishika. Mtoto kwa sheria anaweza kupokea mali, ila hana uwezo wa kuigawa kwa mwingine. Ukimpa, imekwenda. Huwezi kujifanya umempa kisha ukaichukua ukisema ulikuwa mchezo. Karibu na hapo Rabi huyohuyo anasema mtu asimwahidi mtoto kitu asimpe, kwa kuwa atakuwa amemfundisha uongo. Sioni kama ni bahati tu kwamba maneno hayo mawili yamekaa jirani. Mkono wa mtoto umechukuliwa kuwa mkono wa mwenye mali, na sikukuu inayoshukuru kwa ajili ya mali haiwezi kueleweka na mtu ambaye hajawahi kuwa na chochote kilicho chake. Mishna inataja pia kwamba siku ya saba, ibada ilipokwisha, watoto waliyatupa makuti yao na kuzila etrogi. Baadhi ya wafasiri wanalisoma fungu hilo kinyume, kwamba watu wazima ndio waliozinyakua etrogi za watoto wakazila, na haikuhesabiwa wizi kwa kuwa ndiyo ilikuwa furaha ya siku. Kwa vyovyote, mavuno yaliishia mdomoni.

Kuna pingamizi ambalo halikwepeki: huu si ukasuku? Mtoto anatikisa asichokijua, anakaa asipopaelewa, na kesho atakuwa mtu mzima mwenye desturi isiyo na roho. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu zipo nyumba ambamo hali ni hiyo. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba maana ya sikukuu ni fungu la maneno yaliyokwisha kukubaliwa, yanayongoja tu kukabidhiwa. Talmudi inaonyesha kuwa sivyo. Rabi Eliezeri na Rabi Akiba hawakukubaliana vibanda vya jangwani vilikuwa nini hasa. Mmoja alisema ni mawingu ya utukufu yaliyowafunika Waisraeli, mwingine akasema ni vibanda kweli, vya kujikinga. Wanazuoni wa kiwango hicho walitofautiana juu ya jambo ambalo aya inadai vizazi vilijue, na bado kila mmoja angeweza kuketi katika kibanda cha mwenzake, kwa vile kibanda kilikuwa kilekile. Sasa mtoto wa miaka 5 asubiri nje mpaka apewe maelezo ya nani? Pia sheria haikuacha kujua kujitokeze kwa bahati. Kibanda kinachozidi dhiraa 20 kwenda juu, yaani kama meta 9 au 10, hakifai, na sababu aliyoitoa Raba ni kwamba paa likiwa juu mno jicho halilioni, na asiyeliona paa hajui kuwa amekaa kibandani. Kujua kumewekewa kipimo cha mbao na kamba. Kwa hiyo maelezo hayakufutwa, yamepangiwa nafasi yake. Kumbukumbu la Torati 31 inaagiza kwamba kila mwisho wa miaka 7, katika Sikukuu ya Vibanda, sheria isomwe mbele ya wanaume, wanawake, watoto na wageni, ili watoto wasiojua wasikie na kujifunza. Rabi Elazari ben Azaria alipouliza wadogo kabisa wanaletwa kwa nini, alijibu kwamba ni ili wanaowaleta wapate thawabu. Ni jibu la mtu aliyekwisha kubeba kichanga kwenye mkutano mrefu. Muhimu zaidi ni wakati uliochaguliwa: hotuba kuu ya taifa iliwekwa katika juma ambalo wasikilizaji tayari wanaishi vibandani.

Pingamizi la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mtoto wa Brooklyn au wa Tel Aviv hajawahi kuona ngano ikipurwa. Kibanda cha kwao kimesimama kwenye roshani ya ghorofa, kuti limetoka dukani ndani ya mfuko, etrogi imesafirishwa katika kisanduku. Mavuno yako wapi? Sehemu ya hoja hii naikubali: furaha ya mkulima aliyeona mvua, nzige na jua kali, kisha akafunga ghala, haiwezi kununuliwa. Lakini Torati yenyewe haikuridhika na furaha hiyo. Wakati ambapo kila mwenye nyumba anatamani kukaa ndani na kutazama magunia yake, inamtoa nje, inamweka chini ya paa ambalo kisheria lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, lenye kivuli kuliko jua, lakini ambalo ni vyema nyota zionekane kupitia humo. Fundi wa makuti wa pwani yetu akiezeka hivyo atafukuzwa kazi. Kwa kibanda hiki, wako marabi waliosema paa lisilopenyeza mvua kabisa ndilo halifai. Mtoto wa mjini hana ghala, ila ana nyumba yenye friji na taa, na kutolewa humo siku saba anakuelewa kuliko tunavyodhani. Halafu kuna mapambo. Talmudi inayaorodhesha: kokwa, lozi, mapichi, makomamanga, vishada vya zabibu, taji za masuke, mafuta, unga safi. Na inatoa sheria yake: kilichotundikwa kibandani hakiliwi mpaka siku ya mwisho ya sikukuu iishe. Komamanga linaning'inia juu ya kichwa cha mtoto siku saba, kila mlo, na mkono haurushwi. Ukitaka kumweleza mtoto kuwa mazao si ya mlaji peke yake, sioni somo la darasani litakaloshindana na hilo.

Upande wa pili wa mizani wako Abayudaya wa mashariki ya Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanzia kwa Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919. Wengi wao ni wakulima wadogo, na mwaka 2004 waliungana na majirani Waislamu na Wakristo kuanzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Mtoto wa huko hahitaji kuelezwa jasho la shamba. Linalomwia geni ni majira: sala ya kuomba mvua, ambayo Wayahudi kote huisoma mara baada ya siku saba za vibanda, inafuata kiangazi cha nchi ya Israeli, ilhali Mbale mwezi huo mvua huwa inanyesha. Mishna imetoa ruhusa ya kutoka kibandani mvua inapofikia kuuharibu uji, kwa hiyo ruhusa ambayo Yerusalemu ni ya nadra, Mbale inaweza kuhitajika mara nyingi. Kila mmoja wa watoto hawa, wa mjini na wa Mbale, ana nusu ya sikukuu bila jitihada, na nusu ya pili lazima aitafute.

Maimonides, aliyeandika kitabu chake cha sheria nchini Misri katika karne ya 12, alieleza jinsi ya kumfurahisha kila mtu wa nyumbani: watoto wapewe nafaka za kukaanga, kokwa na vitu vitamu. Hapo hakuhubiri. Kisha, karibu bila kuvuta pumzi, akasema anayefunga milango ya ua wake akala na mkewe na wanawe bila kuwalisha maskini, furaha yake si ya kutimiza amri bali ya tumbo. Anafuata Kumbukumbu la Torati 16, inayotaja wanaopaswa kufurahi katika sikukuu hii: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mtoto yumo ndani ya orodha hiyo, bega kwa bega na mjane. Akipewa karanga zake nyuma ya lango lililofungwa, amefundishwa kitu, ila si Sukoti. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki yenye ibada ya mavuno, ambako mahindi, ndizi na kuku huletwa mbele kisha kunadiwa, yanasoma aya hizohizo. Shule ya Jumapili hufanya ngonjera siku hiyo na watoto hupigiwa makofi. Sina neno na ngonjera. Lakini mara nyingi mtoto huenda na sarafu aliyowekewa kiganjani mlangoni, akaitumbukiza kikapuni: alikuwa njia tu ya kuipitishia. Kwa kipimo cha Rabi Zeira, hakumiliki chochote, hivyo hakutoa chochote. Afadhali mche mmoja wa mchicha alioumwagilia yeye.

Limebaki suala la gharama, ambalo katika nyumba nyingi ndilo huamua. Etrogi nzuri ni ghali, huviringishwa katika nyuzi za kitani na kuhifadhiwa kwenye kisanduku, wakati mwingine cha fedha. Ikiwa ncha iliyochomoza upande wa juu itavunjika, Mishna inaihesabu kuwa haifai. Matokeo yake ni kwamba mtoto huambiwa atazame asiguse, na kadiri baba anavyojitahidi kupata tunda zuri ndivyo mwana anavyowekwa mbali nalo. Kuipamba amri ni jambo jema, marabi wamelisisitiza, lakini palipo na fedha za tunda moja zuri ningeshauri yanunuliwe mawili ya kawaida. Wala si lazima la mtoto liwe bovu. Ziko etrogi ambazo ncha yake huanguka zingali mtini, na hizo ni halali kwa kila hali kwa kuwa zimekua hivyo. Mtoto anaweza kuidondosha yake, kuinusa na kuzunguka nayo kutwa nzima, asiwe na ncha ya kuvunja.