Mafuta ya difu: kopo la bei kubwa laweza kuliua gari la kale

MWENYE gari la michezo la miaka ya 1960 au 1970 hubadilisha oili ya injini mara kwa mara, husafisha kabureta na kung’arisha bodi. Lakini ukimwuliza ni lini mara ya mwisho alifungua nati ya difu, aghalabu atanyamaza. Difu iko chini ya gari, haionekani, wala haidai kitu mpaka siku inapoanza kulia. Siku hiyo uharibifu huwa umekwisha kutokea, na kwa magari ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, krauni na pinioni nzima ni mali ya kutafutwa nchi kwa nchi.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili halipo mbali. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Kabla yake, Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Tangu mwaka 2003 mashindano ya Safari ya magari ya kale yameyarudisha magari ya enzi hizo barabarani nchini Kenya, na mara kadhaa yamevuka mpaka hadi Tanzania.

Datsun na Peugeot hizo zatufaa hapa kwa sababu moja. Mafuta yanayoiokoa difu ya ile ya kwanza yanaweza kuila difu ya ile ya pili, ingawa makopo yote dukani yameandikwa “mafuta ya gia”.

Tuanze na Datsun. Difu yake, kama zilivyo difu nyingi za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hutumia meno ya aina ya haipoidi. Hapa pinioni haielekei katikati ya krauni, bali hupita chini kidogo ya kitovu chake. Faida yake ni kwamba shafti hushuka, sakafu ya gari hushuka, na meno hufanya kazi kwa ukimya. Gharama yake ni kwamba meno hayo hayabingirikiani tu; husuguana pia, tena kwa shinikizo kubwa kiasi cha kuufukuza utando wa mafuta uliopo kati yao. Mafuta matupu, hata yawe mazito namna gani, hayawezi kuyalinda.

Ndiyo maana mafuta ya difu ya aina hiyo hutiwa kemikali zenye salfa na fosforasi. Jino linapopata joto la msuguano, kemikali hizo huungana na chuma cha juu na kufanya ngozi nyembamba laini. Ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya jino, kisha hujijenga upya. Harufu kali inayomkumba fundi afunguapo nati ya difu ni ya salfa hiyo.

Kipimo cha kinga hiyo huandikwa kwenye kopo kwa herufi GL, kwa utaratibu wa Taasisi ya Petroli ya Marekani. GL-1 haina kemikali hizo. GL-4 inazo kwa kiasi cha wastani, na GL-5 inazo takriban maradufu ya GL-4. Difu ya 240Z inataka GL-5. Giaboksi ya gari hilohilo inataka GL-4, kwa kuwa ndani yake mna pete za sinkro za shaba, na pete hizo huhitaji msuguano kiasi ili gia ziingie vizuri. Kwa hiyo gari moja linadai makopo mawili, na fundi anayetumia kopo moja kwote ili kuokoa fedha za mteja hamsaidii.

Sasa Peugeot 404. Difu yake haina krauni na pinioni za kawaida. Ina gia ya parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Salfa na shaba hazipatani. Kukiwa na joto, salfa iliyo hai katika mafuta huila shaba, na meno ya bronzi hubadilika rangi na kulika polepole bila kelele. Ni kweli kwamba watengenezaji wengi siku hizi huongeza dawa ya kuituliza salfa hiyo. Hata hivyo, kwa difu isiyo na mbadala, ni busara kutafuta mafuta ambayo mtengenezaji wake anatamka waziwazi kuwa yanafaa kwa gia za parafujo za bronzi. Kusema “GL-5 ndiyo ya juu zaidi, basi ndiyo bora” ni kusoma namba bila kusoma gari.

Jambo la pili ni uzito, ambao wataalamu huuita mnato. Hapa wengi huhadaika kwa kuwa namba za mafuta ya gia hazilingani na za injini. SAE 90 ya gia inakaribiana na SAE 40 au 50 ya injini; si nzito mara mbili kama wanavyodhani wanunuzi. Namba yenye herufi W nayo huhusu baridi: 75W hupimwa katika nyuzi joto 40 chini ya sifuri, 80W katika 26 chini ya sifuri na 85W katika 12 chini ya sifuri. Dar es Salaam au Mombasa hakuna asubuhi ya namna hiyo, kwa hiyo mwenye gari asilipe zaidi kwa ajili ya 75W peke yake. Kwa matumizi ya kawaida 80W-90 inatosha. Kwa gari linalokimbia mwendo mrefu katika joto kali, au lenye difu iliyochakaa kidogo, 85W-140 ina nafasi yake, ingawa hula nguvu kidogo.

Tunafika kwenye viongezo, yaani vile vichupa vidogo vinavyouzwa kando. Kimoja tu kina kazi ya kueleweka, nacho ni kile cha difu za LSD zenye sahani za klachi. Difu hizo huzuia gurudumu moja lisizunguke bure kwenye utelezi. Katika kona sahani zake hutakiwa kuteleza taratibu, na zikinata na kuachia, gari huguna na kutetemeka. Kiongezo hupunguza mnato huo wa ghafla. Lakini kikizidi, sahani huteleza moja kwa moja, na mwenye gari hubaki na LSD ya jina tu. Mafuta mengi yaliyoandikwa LS yamekwisha kutiwa kiongezo hicho, kwa hiyo soma kopo kwanza. Kisha endesha gari polepole uwanjani kwa mzunguko wa namba nane mara kadhaa. Likiguna bado, ongeza kidogo kidogo.

Difu ya wazi ya kawaida haina sahani, hivyo kiongezo hicho hakina kazi ndani yake. LSD za meno matupu, kama Torsen, nazo hazikihitaji. Katika Porsche 911 za kale giaboksi na difu hunywa mafuta yaleyale, na kiongezo kinachotuliza sahani chaweza kuzifanya sinkro ziteleze. Jaguar E-Type ina tatizo jingine: nyingi zina LSD ya sahani, tena breki zake za nyuma zimefungwa ubavuni mwa difu, na joto lake huchoma sili na kuyapika mafuta. Gari kama hilo libadilishiwe mafuta mapema kuliko mengine.

Vile viongezo vizito kama asali vinavyoahidi kunyamazisha difu inayolia, viacheni dukani. Wauzaji wa zamani wasio waaminifu walitia unga wa mbao kwa lengo hilohilo.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Difu ya 240Z huchukua lita moja hivi. Fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma baada ya mafuta kumwagika, gari halitoki gereji. Mwaga mafuta yakiwa ya moto. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji. Jaza mpaka yafike kwenye mdomo wa tundu, gari likiwa sawasawa, kisha safisha kitundu cha kupumulia juu ya difu. Kikiziba, hewa yenye joto huyasukuma mafuta nje kupitia sili, na fundi atabadilisha sili mpya mara tatu bila kuona chanzo.