Nasaba ya plasmidi: jinsi usugu wa dawa unavyofuatiliwa Dubai

Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa kuhusu bakteria wa Klebsiella pneumoniae waliopatikana kwa wagonjwa mjini Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Miongoni mwao lilijitokeza kundi la ukoo mmoja, uitwao ST14, lenye vimeng'enya viwili vinavyovunja dawa za kabapenemu: NDM na kimoja cha jamii ya OXA-48. Kiwango cha usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo mara nyingi huwa ya mwisho kukimbiliwa, nacho kilikuwa kikubwa.

Kwa mgonjwa mahututi, maana yake ni kwamba dawa zilizobaki ni chache mno. Kwa wataalamu, linabaki swali: usugu huo umetoka wapi, na umepita njia gani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika plasmidi. Plasmidi ni kipande cha DNA, aghalabu chenye umbo la duara, kinachojitegemea nje ya kromosomu ya bakteria. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi wa Marekani, Joshua Lederberg, mwaka 1952. Plasmidi nyingi zinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata asiye wa aina yake, zikibeba jeni za usugu. Kwa hiyo kumfuatilia bakteria peke yake hakutoshi.

Mwaka 1971 Naomi Datta na Robert Hedges, waliokuwa London, walizigawa plasmidi kwa kigezo kinachofanana na methali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Plasmidi mbili zenye mfumo uleule wa kujinakili haziwezi kudumu pamoja katika bakteria mmoja. Baada ya vizazi kadhaa, moja hutoweka. Zinazoshindwa kukaa pamoja huhesabiwa kuwa za kundi moja. Mwaka 2005 Alessandra Carattoli na wenzake wa mjini Rome walibuni kipimo cha PCR kinachotambua makundi hayo kwa haraka. Siku hizi DNA nzima husomwa na kulinganishwa kwa kompyuta.

Hata hivyo, kuwa kundi moja si kuwa na mzigo mmoja. Mwaka 1983 Datta na Victoria Hughes walichunguza bakteria waliohifadhiwa tangu kabla ya antibiotiki kuenea. Walikuta plasmidi za makundi yaleyale ya leo, ila karibu zote hazikuwa na jeni za usugu. Jahazi lilikuwa la kale. Shehena ndiyo mpya.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ambao ulihusisha taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ulionyesha kuwa homa ya matumbo sugu nchini humo ilitokana zaidi na ukoo wa H58, ulioenea pia Asia ya Kusini Mashariki, ukiwa na plasmidi ya kundi la IncHI1.

Hospitalini, tofauti hizi huamua hatua za kuchukua. Wagonjwa wawili wakikutwa na bakteria wa ukoo mmoja, hushukiwa kuwa maambukizi yamepita kwa mikono au vifaa. Bakteria wakiwa tofauti lakini plasmidi ikiwa ileile, basi usugu wenyewe ndio unaohama, na uchunguzi hulazimika kufika kwenye masinki na kwenye matumbo ya watu wasioonyesha dalili.

NDM iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2009, kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa India. OXA-48 ilipatikana kwanza Istanbul, Uturuki, mwaka 2001. Dubai ni njia panda ya wasafiri, wakiwemo wafanyabiashara, wafanyakazi na wagonjwa kutoka Afrika Mashariki. Plasmidi haihitaji pasipoti. Nasaba yake ndiyo inayoonyesha ilikopitia.